Wasiokunywa wa Mroseni

Kila siku saa kumi jioni sauti yangu humwambia baba anywe pombe.

Haitoki mdomoni mwangu. Saa hiyo mimi huwa kazini kwenye kituo cha takwimu za afya, nimeyakodolea macho majedwali yangu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani. Inatoka kifuani mwake, chini kidogo ya mfupa wa bega, alikopandikizwa Mlinzi wake, kifaa kisichozidi ukubwa wa kifungo cha shati. Kila mwenye Mlinzi huchagua sauti ya kusemeshwa nayo. Wengi huku Mroseni wamechagua za wake zao, wachache za wachungaji wao, na kuna bwana mmoja wa kule juu msituni aliyechagua ya mtangazaji wa mpira. Baba alichagua yangu. "Baba," inasema, kwa upole ambao mimi mwenyewe sijawahi kuwa nao, "ni saa kumi. Kata yako ya leo bado."

Hapo Mwalimu Kundaeli, aliyefundisha fizikia miaka thelathini na minne na kuongoza kwaya ya usharika bila kuonja tone, huinuka kitini. Huchukua chombo cha kupimia alichozawadiwa na maabara ya shule siku ya kustaafu, akapima mbege, pombe yetu ya ndizi, mililita mia mbili na hamsini, akakiinua usawa wa jicho kuhakikisha mstari. Kisha humimina kwenye kata, kibuyu chake cha kunywea, na kwenda kukaa barazani na wazee wenzake.

"Mimi si mlevi," huwaambia. "Mimi ni mtii wa takwimu."

Takwimu zenyewe ni zangu. Miaka sita iliyopita nilichukua taarifa za watu elfu kumi na moja wa mteremko huu wa mlima, wote wenye Mlinzi, nikawagawa: wasiokunywa kabisa, wa kata moja kwa siku, wa kata mbili tatu, na wale wa kubebwa. Nikahesabu ni wangapi katika kila kundi walipata maradhi ya moyo. Wa kubebwa waliumia, hilo halikuhitaji hesabu. Lakini wa kata moja walikuwa salama kuliko hata wasiokunywa kabisa, na tofauti haikuwa ndogo. Nilirudia mara tatu, nikapiga vigelegele peke yangu ofisini. Mwaka uleule Mlinzi akafundishwa kazi mpya: anayezidisha ampunguzie, na asiyekunywa amwanzishie kata moja.

Watu walifurahi jamani. Sidhani kama kuna mtakwimu duniani aliyewahi kuchezewa ngoma sokoni kama nilivyochezewa mimi.

Halafu, Jumanne moja ya mwezi wa Agosti, Mlinzi wa baba akaleta alama nyekundu.

*

Chumba cha juu cha moyo wake kilikuwa kimeacha kupiga, kikawa kinatetemeka tu. Hali hiyo ilidumu dakika arobaini. Moyo ukitetemeka hivyo damu hutuama, ikituama huweza kuganda, na bonge dogo likipanda kichwani ni kiharusi. Mlinzi huisikia hali hii kabla mgonjwa hajajua, na ndiyo sababu ninampenda, hata leo.

"Nilihisi kama panya anakimbia kifuani," baba aliniambia zahanati, amekaa kitandani na soksi zake za kanisani. "Nikadhani ni yale maharage ya jana."

Alipewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Daktari akasema ana miaka sabini, mambo haya hutokea. Ningeweza kulimeza hilo nikaendelea na maisha yangu. Lakini kwa hesabu zangu mtu kama yeye, mwembamba, asiyevuta sigara, wa kata moja iliyopimwa kwa chombo cha maabara, alikuwa wa mwisho kabisa kwenye foleni ya wagonjwa. Hesabu ikigoma kwa mtu mmoja si neno. Ikigoma kwa baba yako, usingizi unaruka.

Kesho yake nilikuwa na orodha ya vifaa vibovu, na wa kwanza alikuwa Mlinzi wa jirani yetu, Mzee Aminieli. Mapigo yake yalifika kituoni, ila sauti haikusikika, kana kwamba mtu amemziba mdomo. Nikaamua nipitie mwenyewe.

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Kifuani, juu ya shati, alikuwa amejifunga kanga mbili na kipande cha blanketi, na jua lilikuwa linawaka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mwalimu anaendeleaje na huo moyo?" Huku kwetu habari hazimsubiri Mlinzi.

"Anaendelea. Nimekuja kuangalia kifaa chako. Mbona umekifunika?"

"Kinanisemesha vibaya."

"Kinasema nini?"

Akaendelea kumenya. "Mambo yasiyonifaa, mama. Achana nacho. Kinisikilize tu, kisiongee."

Alipokuwa akisema hivyo aliangalia juu ya mlango, mara moja tu, na macho yangu yakafuata ya kwake. Palikuwa na kata nyeusi kwa moshi, imetundikwa kwenye msumari, mdomo chini.

Lazima nieleze. Mtu wa Mroseni akiacha pombe, jamaa zake hukusanyika, mmoja wao huiosha kata yake, na inatundikwa juu ya mlango ikiwa imefunikwa. Kuanzia siku hiyo hakuna anayetamka kwamba mtu huyo aliwahi kunywa. Hataniwi, hakumbushwi, hasifiwi hata kwa kuacha. Ni kama hajawahi. Nimetembea nchi nyingi na sijaona desturi yenye huruma kuliko hiyo.

Nikakaa kwenye kigoda. Kigoda kilekile. Miaka minane iliyopita, wakati wa usajili, nilikaa hapo na kompyuta mapajani. Nilimuuliza, "Baba, na pombe?" Akaangalia mlango. Nami nikauangalia mlango. Nilijua vizuri kabisa. Nilipokuwa na miaka saba mzee huyu alinibeba mabegani kutoka harusi ya shangazi yangu, anayumba barabara nzima, mimi nimemshika masikio, tunaimba wote wawili. Lakini nimelelewa, nina adabu. Niliandika: Hajawahi kunywa.

"Baba," nikasema, "ile kata uliifunika lini?"

Kisu kikasimama. "Hilo haliulizwi, Ndeonansia."

"Najua. Unisamehe. Nauliza kwa ajili ya baba yangu."

Akamalizia ndizi aliyoishika. Niliona aibu hadi nikatamani kuondoka.

"Mwaka aliozaliwa mdogo wako," akasema mwishowe. "Miguu ilivimba, nikawa siwezi kulala chali. Daktari wa mjini akasema moyo umetanuka, umechoka, nikionja tena niandae sanda. Mke wangu ndiye aliyeiosha kata hiyo." Akagusa blanketi kifuani. "Na hiki kidude nilikiwekea sauti yake, Mungu amrehemu. Sasa huu mwaka wa sita. Kila siku saa kumi mke wangu ananiambia kata yangu bado. Juzi nikashindwa kuvumilia, nikakifunika."

Nililia hapohapo, sikujali. Yeye ndiye aliyeishia kunipa maji.

*

Nusu ya usajili wote ule ilifanywa na Manka, dada wa watu mwenye kumbukumbu ya ajabu, anayekujua wewe, mama yako na mbuzi wenu. Nilimwita ofisini, nikafunga mlango.

"Manka, wale uliowaandika hawajawahi. Wangapi walikuwa na kata imefunikwa mlangoni?"

Akanitazama kama nimetukana. "Ulitaka niwaaibishe wazee wa watu, dada? Niandike kwenye mashine ya serikali kwamba fulani alikuwa mlevi?"

"Hapana. Mimi pia niliandika hivyohivyo."

Tulikaa siku tatu. Nilimsomea majina, naye alifumba macho na kuipita milango kichwani mwake, nyumba moja baada ya nyingine. "Huyu hajaonja kweli, ni mlokole. Huyu imefunikwa. Huyu imefunikwa, presha. Huyu mama alifunika baada ya kuanguka shambani." Kwa wale asiowakumbuka tulipiga simu kwa watoto wao. Kati ya wasiokunywa elfu mbili mia moja na arobaini, mia nane na kumi na wawili walikuwa na kata juu ya mlango. Na karibu wote waliacha kwa sababu moja: mwili ulikuwa umeshaanza kukataa.

Sasa ona ujinga wangu. Niliwapanga upande mmoja watu wenye afya ya kuweza kuendelea na kata yao kila jioni. Upande wa pili nikawachanganya wasiojua ladha ya pombe na wagonjwa walioiacha mioyo ikiwa imeshaharibika, kisha nikashangaa upande huo unaugua zaidi. Nilipowatoa wale mia nane na kumi na wawili na kuhesabu upya, faida ya kata moja ilitoweka yote. Kilichobaki ni mstari unaopanda. Kata moja ilipandisha presha kidogo, na uwezekano wa moyo kupoteza mpangilio kidogo, mbili zaidi, tatu zaidi. Hakuna mahali popote kwenye jedwali ambapo kata ilikuwa imeulinda moyo wa mtu.

Nilikuwa nazima kompyuta Manka aliposema, bila kunitazama, "Kuna walioigeuza, dada."

"Kugeuza nini?"

"Kata. Walikuwa wameacha, Mlinzi akawaambia waanze. Wakaishusha msumarini. Ninaowajua mimi ni thelathini na wanne."

*

Mkuu wetu, Daktari Sifaeli, si mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu najua mtakavyomfikiria. Mwanamke huyu alilala sakafuni kituoni miezi miwili wakati Walinzi wa kwanza wanapandikizwa, na mama yake mdogo alikuwa wa kwanza kuokolewa nao.

Alisoma jedwali jipya mpaka mwisho, akavua miwani.

"Tutarekebisha," akasema. "Kimya kimya. Mwezi ujao Mlinzi anapunguza kata iwe robo tatu, baadaye nusu. Miaka miwili tutakuwa tumefika sifuri na hakuna aliyeshtuka."

"Na wale thelathini na wanne?"

"Hao nitawaita mmoja mmoja, niwaachishe kama daktari wao."

"Utawaambia kwa nini?"

"Nansia, mwaka jana Mlinzi aliita gari la wagonjwa mara arobaini na tatu. Watu arobaini na tatu wanakula chakula chao leo. Ukisimama uwaambie Mlinzi alidanganya, kesho watu watakuja hapa na wembe. Watajitoa wenyewe. Halafu moyo wa fulani unasimama shambani na hakuna anayejua. Huyo utamweka kwenye safu gani?"

Nilikusanya majedwali yangu. Jibu nimelitafuta tangu siku ile na bado sina, na asikudanganye mtu kwamba swali lilikuwa jepesi. Niliondoka nikiwa nimekubali nusu. Kata itapungua, watu watapona, na mimi sitachekwa sokoni palepale nilipochezewa ngoma. Hilo la mwisho lilikuwa na uzito kuliko nilivyotaka kukiri.

Njiani nilikuwa nikiangalia milango ya watu. Miaka yote sikuwahi kuhesabu. Kata ziko nyingi mno, zimetulia juu ya milango, mdomo chini, kila nyumba inajua na hakuna inayosema. Nikafikiri kwamba Daktari Sifaeli anataka nitundike ya kwangu pia.

*

Baba alikuwa barazani, chombo chake cha kupimia kimeoshwa, kinakauka juani. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nilimwambia yote. Nilianza na Mzee Aminieli, nikapitia kwa Manka, nikamalizia na jedwali, kwa sababu baba hapendi kupewa jibu bila njia. Alinisikiliza mikono ikiwa magotini, alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wa mtihani wa mdomo.

"Kwa hiyo moyo wangu umeharibiwa na kata," akasema.

"Sijui, baba. Huenda ni umri. Kwa mtu mmoja siwezi kuthibitisha. Najua tu kwamba haikukusaidia, na kwamba iliongeza hatari. Na mimi ndiye niliye..."

"Baba," sauti yangu ikasema kutoka kifuani mwake, laini, yenye mapenzi, "ni saa kumi. Kata yako ya leo bado."

Tukatazamana. Nilitaka ardhi inimeze.

Alicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha sana, lakini alicheka. "Huyo binti ana adabu kuliko wewe." Kisha kicheko kikaisha. "Nilikuwa naipenda saa hii, Nansia. Tangu mama yako aondoke hakuna aliyekuwa ananipitia. Mzee wa kwaya, hanywi, nani akae naye? Kata ile ilinipa watu."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Ila nimekasirika, yote mawili yapo." Akashika kichwa. "Umewaambia wengine?"

Nikamweleza mpango wa Daktari Sifaeli, na wale arobaini na tatu, na wembe. Akakigeuza chombo cha kupimia upande wa pili, kikaukie juani.

"Mlipokuwa mnakosea hesabu ubaoni darasani kwangu, niliwafanyisha nini?"

"Tufute, tuandike upya."

"Wapi?"

"Palepale ubaoni. Mbele ya wote."

"Na kuna aliyetoroka shule kwa sababu hiyo?"

"Yupo. Ndelilio alitoroka."

"Ndiyo, Ndelilio alitoroka," akakubali kwa unyonge. "Hilo sikuwahi kulipatia dawa."

Niliingia ndani nikachota maji, nikaiosha kata yake, taratibu, kama inavyotakiwa. Nilitafuta msumari. Nilipoinua mkono kuitundika akaniita.

"Usiifunike."

"Baba, ndiyo desturi."

"Naijua. Itundike mdomo juu. Atakayeingia humu aulize, nami nitamjibu."

*

Siku ya pili yake, saa kumi kamili, Walinzi wote elfu kumi na moja walisema kwa sauti moja. Ufunguo wa kutuma ujumbe huo ulikuwa wangu, wala sikumwomba Daktari Sifaeli ruhusa, kwa hiyo kosa hilo pia ni langu. Mume aliyezoea kusikia sauti ya mkewe alinisikia mimi. "Mimi ni Ndeonansia binti Kundaeli. Niliwaambia kata moja inalinda moyo. Nilikosea. Hailindi. Kama ulikuwa umeacha ukaanza tena kwa ajili yangu, njoo kituoni leo. Nakuomba usimtoe Mlinzi. Yeye alisema nilichomfundisha."

Niliposhuka sokoni hakuna aliyenisalimia. Hadi jua kuzama watu mia tatu na tisa walikuwa wamewazima Walinzi wao, na wanne walikuja zahanati na vidonda vya wembe, kama alivyosema Daktari Sifaeli. Alinitazama tu kutoka upande wa pili wa korido, mikono imejaa bandeji. Kati ya wale thelathini na wanne walikuja ishirini na mmoja. Mzee Aminieli alikuja pia, bila blanketi wala kanga. Alitaka kujua kama kuanzia kesho mke wake ataacha kumtaka anywe, na kama naweza kumwachia maneno mengine.

"Maneno gani, baba?"

"Amka, kumekucha. Alikuwa ananiambia hivyo."

Nikayaweka.

Usajili mpya ulianza Jumatatu. Nilifuta lile swali la zamani na kuweka mengine manne: uliwahi kunywa, kwa muda gani, kwa nini ulianza, kwa nini uliacha. Manka alisema hakuna atakayejibu. Nyumba ya kwanza ilikuwa yetu, na baba alikuwa ameshavaa koti akinisubiri barazani, kata yake ikionekana nyuma yake juu ya mlango, mdomo juu.

"Uliwahi kunywa?"

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

"Miaka sita. Mililita mia mbili na hamsini kwa siku, usiandike kata, kata hazilingani."

"Kwa nini uliacha?"

"Moyo. Umeruka swali."

Sikuwa nimelisahau. Niliangalia kioo cha kompyuta. "Kwa nini ulianza?"

Baba alijiweka sawa kitini na kuangalia kwingine, kule kwenye migomba, kama watu wa kwetu wanavyofanya wanapotaka kumsitiri mtu.

"Andika niliambiwa na mashine," akasema.

Adabu yote niliyolelewa nayo ilinishika mkono. Kisha nikaandika: Aliambiwa na binti yake.